Mawese, mise na mafuta mengine kwenye chakula cha kuku wa nyama: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wafugaji wa Kigoma

Majibu haya ni kwa mfugaji anayejichanganyia chakula mwenyewe, awe na kuku 100 au 2,000, Kigoma mjini, Ujiji, Mwandiga, Kasulu au hata Tabora. Kipimo cha asilimia humu ni kwa uzito: asilimia 1 ni kilo 1 ndani ya kilo 100 za chakula kilichokamilika.

Kuku wa nyama anahitaji mafuta ya nini, mahindi hayatoshi?

Mahindi yanampa nishati, ila yana kikomo. Kilo ya mahindi mazuri ina takriban kilokalori 3,350 zinazotumika mwilini mwa kuku. Ukishaweka mashudu (mabaki ya mbegu zilizokamuliwa mafuta), dagaa, chokaa na vinginevyo, mchanganyiko mzima unashuka hadi karibu 2,900. Kuku wa nyama wa wiki ya nne na kuendelea anafanya vizuri kati ya 3,050 na 3,200. Pengo hilo haliwezi kuzibwa kwa mahindi zaidi, maana ukiongeza mahindi unaondoa protini. Mafuta ndiyo yanayoziba: kilo ya mawese ina kama kilokalori 7,800, na ya alizeti au soya hufika 8,800.

Kuna faida nyingine mbili. Mafuta yanapunguza vumbi la chakula, na joto linalotoka mwilini wakati wa kuyasaga tumboni ni dogo kuliko la wanga au protini. Oktoba, jua linapochoma kabla mvua haijashika, hilo la pili lina uzito wake.

Kwa hapa kwetu, nianze na mafuta gani?

Mawese. Yapo kila soko, yametengenezwa jirani, na muuzaji unaweza kumuuliza chikichi zake zilichemshwa lini. Baada ya mawese, chanzo tunachokipenda zaidi ni soya nzima iliyokaangwa, kwa sababu inaleta mafuta na protini kwa pamoja. Alizeti ni ya tatu. Mise (mafuta ya kiini cha chikichi), mafuta ya ng'ombe na mengine yana nafasi ndogo zaidi, na yamejibiwa chini.

Mafuta ya nguruwe yaache kabisa. Kilishe si mabaya, lakini wateja wengi wa kuku Kigoma na Ujiji ni Waislamu, na mteja ana haki ya kununua kuku bila kulazimika kuuliza alilishwa nini.

Mawese niweke kiasi gani?

Kifaranga wa siku 1 hadi 14: asilimia 1, usizidishe. Siku ya 15 hadi 24 (chakula cha kukuzia): asilimia 2 hadi 3. Siku ya 25 hadi kuuza (chakula cha kumalizia): asilimia 3 hadi 4. Asilimia 5 ni ukuta kwa chakula cha unga. Ukiuvuka, chakula kinashikana, kinakwama kwenye vilishio vya kuning'iniza, na kuku wanachagua mabonge wakiacha unga wenye madini na vitamini.

Kifaranga anabanwa na utumbo wake. Wiki mbili za kwanza nyongo yake na kimeng'enya cha kuvunja mafuta bado ni kidogo, na mafuta mazito ndiyo yanayomshinda zaidi. Kwenye mawese, karibu asilimia 44 ni asidi ya palmitiki, ambayo ni nzito. Sehemu kubwa inapita na kutoka kwenye kinyesi. Kama unataka kumpa kifaranga mafuta, changanya nusu mawese na nusu alizeti. Mafuta laini yanasaidia yale mazito kufyonzwa.

Dumu langu limeganda chini, juu kuna mafuta mepesi. Yameharibika?

Hapana. Mawese yana sehemu mbili. Usiku wa Juni na Julai, baridi ikiingia, sehemu nzito inashuka na kuganda rangi ya machungwa iliyopauka, na sehemu nyepesi nyekundu inabaki juu. Kosa ni kumimina ya juu leo na kukwangua ya chini wiki ijayo, maana utakuwa umewapa kuku vyakula viwili tofauti ukidhani ni kimoja.

Kwa chakula cha kukuzia na kumalizia, pasha dumu zima. Liweke ndani ya sufuria kubwa au beseni la maji ya moto, si juu ya moto wenyewe, mpaka mgando wote uyeyuke, kisha tikisa ndipo upime. Kwa vifaranga unaweza kutumia tabaka hilo kwa makusudi: chota ile nyepesi ya juu, ndiyo wanayoimudu, na mgando uuhifadhi kwa kuku wakubwa.

Nipime kwa lita au kwa kilo?

Kilo. Lita moja ya mawese ni kama gramu 900, kwa hiyo dumu la lita 20 ni kilo 18, si 20. Kilo 4 za mawese ni lita 4.4. Ukiwa huna mzani mdogo, tumia hesabu hiyo.

Nachanganyaje kwa mkono bila kupata mabonge?

Kwa kilo 100 za chakula, fuata mpangilio huu. Mpangilio ndio unaozuia mabonge kuliko nguvu za mikono.

1. Pima malighafi zote kwanza. Tenga kilo 20 za mahindi yaliyosagwa na mashudu ya alizeti. Mashudu ya alizeti yanafyonza mafuta vizuri kuliko kitu kingine chochote ghalani.
2. Pasha mawese mpaka yawe mepesi kama maji, nyuzi joto 50 hadi 60. Kidole kinavumilia sekunde mbili tatu, si zaidi. Yakitoa moshi umepitiliza.
3. Mimina mafuta kidogo kidogo juu ya zile kilo 20 huku mwingine anageuza. Kisha zisugue kati ya viganja, kama mtu anayesugua siagi kwenye unga wa maandazi, mpaka usione tone lililosimama peke yake.
4. Pitisha kwenye chekeche la matundu ya milimita 3 au 4. Mabonge yatakayobaki yasugue tena na unga mkavu, usiyatupe wala usiyarushe ndani hivyo hivyo.
5. Ziache zipoe. Wakati huo changanya premiksi (mchanganyiko wa vitamini na madini), laisini na methionini (viini vya protini) na chumvi pamoja na kilo 2 za unga wa mahindi, kisha kilo 10, kisha tandaza juu ya lundo lililobaki na ugeuze kwa beleshi.
6. Mwisho, tandaza zile kilo 20 zenye mafuta juu ya lundo. Hamisha lundo lote kutoka upande mmoja kwenda wa pili mara tatu, kila beleshi likimwagwa kwenye kilele ili unga utiririke pande zote.

Usimwage mafuta ya moto juu ya premiksi. Vitamini A na nyingine kadhaa zinaumia kwa joto, na mafuta yakiifunika premiksi inabaki imeganda sehemu moja. Matokeo yake kuku wawili waliokaa banda moja wanakula vyakula tofauti, mmoja anakua na mwingine miguu inapinda.

Jaribu mwishoni: kamata konzi ya chakula, ibane, fungua mkono. Ikishikana kidogo halafu ikavunjika ukiigusa, uko sawa. Ikibaki donge na kiganja kinang'aa, ama mafuta yamezidi ama hujageuza vya kutosha.

Nitajuaje kama mawese ni mazuri?

Hapa ndipo hasara nyingi zinapoanzia, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Tatizo la kwanza ni asidi huru. Chikichi ikishakatwa na kugongwa, kimeng'enya kilichomo ndani ya tunda kinaanza kuvunja mafuta papo hapo, na kinachokisimamisha ni kuchemsha. Mikungu inayolundikwa siku nyingi ili chikichi zipukutike zenyewe inatoa mawese makali yenye asidi nyingi. Mawese yenye asidi huru chini ya asilimia 5 ni mazuri. Kadiri asidi inavyopanda, kuku anapata nishati ndogo kutoka kilo ile ile uliyoilipia. Huna maabara nyumbani, ila una ulimi: onja tone. Mawese mabichi mazuri yana utamu mzito wa chikichi. Yakikereketa kooni, muuzaji alichelewa kuchemsha. Nunua kwa anayechemsha ndani ya siku moja au mbili baada ya kuvuna, hata kama anazidisha bei kidogo.

La pili ni maji. Chota mawese kwa kijiko cha chuma, kiweke juu ya moto mdogo. Mawese yakipasuka-pasuka na kurusha matone, kuna maji ndani, na umelipia maji kwa bei ya mafuta. Maji hayo pia yanaharakisha kuharibika. Yapashe taratibu huku ukikoroga mpaka mlio na mapovu viishe, yaache yatulie usiku kucha, kisha mimina ya juu na uache mashapo chini.

La tatu ni kuchina. Hewa, mwanga na kutu vinayageuza mafuta. Harufu inakuwa kama ya rangi ya mafuta au karanga za mwaka jana, na rangi nyekundu inapauka. Mawese yaliyochina yanaharibu vitamini A na E ndani ya chakula chote, siyo ndani ya mafuta peke yake. Huu ndio ubovu unaotisha zaidi, na hakuna namna ya kuyaokoa. Kuyachemsha tena kunaongeza tatizo. Tengenezea sabuni.

La nne, kuna mawese yaliyounguzwa makusudi mpaka rangi nyekundu ikaisha. Kwenye kaango la mama yanakubalika, kwenye chakula cha kuku yameshapoteza karotini iliyokuwa mojawapo ya sababu za kuyanunua.

Weka mawese kwenye dumu la plastiki lisilopitisha mwanga, lililojaa hadi shingoni, kivulini, mbali na pipa la chuma lenye kutu. Yakiwa makavu na masafi yanakaa miezi mitatu bila wasiwasi. Dumu likishafunguliwa, limalize ndani ya wiki tatu.

Mafuta ya mise yanaweza kuchukua nafasi ya mawese?

Kwa sehemu tu. Mise inatoka kwenye kiini cha chikichi, na ni mafuta ya aina nyingine kabisa: karibu nusu yake ni asidi ya lauriki, kama mafuta ya nazi. Kuku anaisaga kwa urahisi, hata kifaranga. Upungufu wake ni asidi ya linoleiki, ambayo kuku hawezi kujitengenezea na anaihitaji kama asilimia 1 ya chakula. Chakula chenye mahindi zaidi ya nusu kinaikidhi, kwa hiyo mise ya asilimia 1 hadi 2 haina madhara. Bei ndiyo inayoamua, kwa sababu watengeneza sabuni nao wanaigombania.

Na mashudu ya mise?

Haya watu wanayachanganya na mafuta yake. Mashudu ya mise yaliyokamuliwa kwa mashine ya kawaida yanabaki na mafuta asilimia 5 hadi 12, protini kama 16, lakini nyuzi ni nyingi na nishati yake kwa kuku ni ndogo, takriban nusu ya mahindi. Vifaranga usiwape. Kukuzia asilimia 5, kumalizia hadi 10, na lazima uongeze laisini na methionini.

Kabla ya kununua gunia, tia mkono hadi katikati, toa konzi, itandaze juani kwenye karatasi nyeupe. Vipande vyeusi vinavyong'aa, vigumu kama changarawe, ni maganda ya kokwa. Hayo ni uzito wa bure kwa muuzaji na mchubuko kwenye utumbo wa kuku. Ukihesabu vipande zaidi ya vichache, rudisha.

Soya nzima naiandaaje?

Soya nzima ina mafuta asilimia 18 hadi 20 na protini 36 hadi 38. Ukiweka asilimia 15 umeshaingiza mafuta kama asilimia 2.7 bila kupasha dumu lolote. Ila soya mbichi ina kizuizi kinachozuia usagaji wa protini. Kuku hula, hajengi mwili, kinyesi kinalowa.

Kaanga kilo 3 hadi 5 kwa mara moja kwenye sufuria pana, moto wa wastani, ukikoroga bila kuacha kwa dakika 20 hadi 30. Ganda linapasuka, rangi inageuka kahawia nyepesi, ladha ya maharage mabichi inapotea ukitafuna. Ikiwa kahawia nzito umeiunguza, na laisini yake imefungwa, kuku haipati. Ipoze kabisa kabla ya kusaga. Soya ya moto ikisagwa inatoa maji ya mvuke na kuota ukungu gunini.

Kuna jaribio zuri la kuthibitisha. Chukua kijiko kikubwa cha soya uliyoisaga, kijiko cha chai cha mbolea ya urea na nusu kikombe cha maji ya vuguvugu. Tia kwenye chupa, funga, subiri dakika 30. Fungua na unuse. Soya isiyoiva ina kimeng'enya kinachovunja urea, na utapigwa na harufu ya mkojo wa mbuzi, yaani amonia. Pasipo harufu, imeiva. Mchanganyiko huo umwage shimoni, usiwafikie kuku.

Alizeti nzima au karanga?

Alizeti nzima ina mafuta asilimia 38 hadi 44, na unaweza kuweka hadi asilimia 5 kwa kuku wakubwa. Ukiisaga peke yake inaziba chujio la kinu. Changanya sehemu moja ya alizeti na nne za mahindi makavu, zitapita.

Karanga hatushauri. Mabaki yanayouzwa bei ya chini, zile zilizosinyaa na kubadilika rangi, ndizo zenye sumukuvu nyingi zaidi, na ini la kuku wa nyama ni la kwanza kuumia. Kwa wafugaji wa Tabora, ambako karanga ni nyingi, ushauri ni huo huo. Mashudu ya pamba kutoka Igunga na Nzega yana gosipoli, sumu ya asili ya mbegu ya pamba. Yasizidi asilimia 5, na yawe kwa kuku wakubwa tu.

Mafuta ya ng'ombe kutoka buchani?

Hadi asilimia 2 kwenye chakula cha kumalizia, yakiwa yameyeyushwa, yamechujwa na kuchanganywa nusu kwa nusu na alizeti. Peke yake ni mazito mno.

Mafuta yaliyokaangia chipsi?

Usiyatumie. Mafuta yaliyochemka siku nzima yana vitu vilivyoungana kwa joto ambavyo kuku havifyonzi, na yameshachina kabla hujayabeba. Bei yake ndogo inarudi kwako kwenye vifo na dawa.

Dagaa wana mafuta, kwa nini nyama inanuka samaki?

Kwa sababu mafuta ya samaki yanahamia kwenye mafuta ya kuku na hayafichiki ukipika. Dagaa wakizidi kwenye chakula cha mwisho, mlaji atawagundua. Waache kwenye asilimia 3 wakati wa kumalizia, na kama mteja wako ni hoteli, waondoe kabisa siku 7 hadi 10 kabla ya kuchinja: kilo 3 za dagaa zibadilishe kwa kilo 4 za mashudu ya soya, mahindi yapungue kilo 1.

Dagaa wa Kibirizi waliokaushwa mchangani huja na mchanga mwingi. Loweka konzi moja kwenye glasi ya maji, koroga, tazama kinachobaki chini. Pia panga mapema: ziwa likipumzishwa, kama ilivyofanyika kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti 2024, dagaa wanaadimika na waliopo sokoni ni wa zamani, mafuta yao yameshachina.

Nipe fomula ya kumalizia yenye mawese.

Kwa kilo 100:

- Mahindi yaliyosagwa: kilo 61
- Mashudu ya soya: kilo 22
- Mashudu ya alizeti: kilo 7
- Dagaa waliosagwa: kilo 3
- Mawese: kilo 4
- DCP (unga wa madini ya kalisi na fosforasi): kilo 1.2
- Chokaa: kilo 1
- Chumvi: gramu 300
- Premiksi ya kuku wa nyama: gramu 300, au kama mfuko unavyoelekeza
- Laisini: gramu 100
- Methionini: gramu 100

Hii inakupa kama kilokalori 3,075 na protini asilimia 18.3. Bila mawese, ukiweka mahindi kilo 65, unapata kama 2,900 na protini 18.7. Namba hizi zinategemea ubora wa malighafi. Mashudu ya alizeti ya mashine ndogo ndiyo yanayobadilika zaidi, mafuta yaliyobaki humo yanaweza kuwa asilimia 8 au 15. Ukichanganya tani kadhaa kwa mwezi, peleka sampuli kwenye maabara ya lishe ya wanyama, kwa mfano ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro.

Je, mawese yanalipa?

Mara nyingine hayalipi, na wengi hawapigi hesabu hii. Kila kilo 1 ya mawese inayochukua nafasi ya kilo 1 ya mahindi ndani ya kilo 100 inapandisha nishati kwa takriban asilimia 1.5. Kuku hula kwa kufuata nishati, kwa hiyo atahitaji chakula pungufu kwa karibu kiasi hicho kufikia uzito ule ule. Ina maana thamani ya kilo moja ya mawese kwako ni bei ya kilo 1 ya mahindi, jumlisha bei ya kilo 1.5 ya chakula kilichokamilika.

Tuseme mahindi ni shilingi 800 na chakula chako kinakugharimu 1,300 kwa kilo. 800 jumlisha 1,950 ni 2,750. Mawese yakiwa chini ya 2,750 kwa kilo, yaani karibu 2,475 kwa lita, weka. Yakiwa 4,000, unapoteza, isipokuwa una haraka ya kuwahi soko na siku mbili tatu za kukua zina faida kubwa kwako, au ni kipindi cha joto kali kuku wanapogoma kula. Weka bei zako za wiki hii, usitumie zetu. Chikichi zikiwa nyingi na bei ikishuka, nunua ya miezi mitatu.

Naweza kumwagia mawese kwenye chakula cha mfuko kutoka kiwandani?

Kidogo, na si kwa vifaranga. Mfuko wa kilo 50 wenye kilokalori 3,000 na protini 18, ukiuongezea kilo 1 ya mawese, unakuwa 3,094 na protini 17.6. Hapo bado kuku anavumilia. Ukiongeza kilo 3 unapata 3,270 na protini 17. Kuku anashiba nishati kabla hajapata protini ya kutosha, na ziada anaihifadhi tumboni. Ukimpasua utakuta bonge la mafuta ya njano juu ya firigisi na kuzunguka matumbo, kifua kimepungua. Mnunuzi anayenunua kwa kilo hatalipia bonge hilo mara ya pili.

Kinyesi kina mafuta na maranda yameshikana kama udongo. Kwa nini?

Angalia mambo matatu kwa mfuatano. Umri: kama ni chini ya wiki mbili, mafuta yamewazidi, rudi asilimia 1. Ubora: mawese makali yenye asidi. Chokaa: kalisi ikizidi inaungana na mafuta mazito tumboni na kuwa sabuni isiyofyonzwa, kuku anakosa mafuta na kalisi kwa pamoja, ndipo miguu inapolegea. Wafugaji wakiona miguu imelegea huongeza chokaa, na wanalikuza tatizo. Pima chokaa yako kwanza. Maranda yaliyoshikana yatoe, weka makavu.

Kifaranga anaangukia mgongo, kichwa kimepinda, miguu inapiga hewani. Ni mawese?

Inawezekana. Mafuta yaliyochina yakimaliza vitamini E kwenye chakula, ubongo wa kifaranga unaumia, mara nyingi wiki ya pili hadi ya nne. Lakini kideri nacho kinapinda shingo. Kwenye kideri utaona pia kukohoa au kupumua kwa shida, kinyesi cha kijani na vifo vinavyopanda haraka bandani. Muite daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Wakati unamsubiri, ondoa chakula hicho chote, wape kipya kisicho na mafuta ya kuongeza, na vitamini E yenye seleniamu kwenye maji kwa kipimo cha kwenye pakiti.

Mawese yatawapa ngozi ya njano?

Usitegemee sana. Wekundu wa mawese ni karotini, ambayo kuku huitumia zaidi kutengeneza vitamini A. Unjano wa ngozi na miguu unatokana na zantofili, rangi za njano za mimea, ambazo zimo kwenye mahindi ya njano na majani makavu ya mti wa lusina. Majani hayo yasizidi asilimia 3.

Chakula chenye mawese kinakaa siku ngapi?

Changanya cha siku 7, kisizidi 10. Msimu wa mvua, 5. Magunia yawe juu ya mbao, mbali na ukuta. Vilishio vya kuning'iniza vitikise asubuhi na jioni, kwa sababu unga wenye mafuta hujenga daraja ndani na kuku wanabaki wakidonoa sahani tupu huku kilishio kimejaa.

Hesabu hizi zinafaa kwa chotara?

Kwa chotara wa nyama, asilimia 2 inatosha katika wiki tatu za mwisho. Anakua polepole, na akipewa mafuta ya broila ananenepa tumbo kabla ya kifua. Anayezurura na kuokota kumbikumbi wakati wa mvua ameshajipatia mafuta mengine huko nje, kwa hiyo miezi hiyo punguza hadi asilimia 1.